Phoolan Devi alikuwa hai, na alikataa

Wiki hii nimeambiwa tena, na mtu aliyesoma vizuri tu, kwamba filamu za wasifu za Kihindi zinawakomboa wanawake kwa kuwa zinaonyesha mambo yalivyokuwa. Nimechoka kulisikia. Mimi ni mhariri wa filamu. Hakuna kinachofika kwenye skrini kilivyokuwa. Kila shoti iliyobaki kuna mtu aliyeamua ibaki, na mara nyingi mtu huyo si mwanamke anayesimuliwa.

Mfano wanaopenda kunipa ni Bandit Queen ya Shekhar Kapur, ya 1994, inayosimulia maisha ya Phoolan Devi, mwanamke jambazi wa India. Inafungua kwa maandishi yanayosema hiki ni kisa cha kweli. Phoolan Devi mwenyewe ndiyo kwanza alikuwa ametoka gerezani, baada ya miaka 11 bila kuhukumiwa, na akaenda mahakamani kutaka filamu izuiwe. Hapo ndipo wasifiaji huruka.

Alikuwa binti wa Wamallah, tabaka la wapiga makasia na wavuvi, jimbo la Uttar Pradesh kaskazini mwa India. Kubakwa kwake alikusimulia kwa mafumbo. Hakuwa mwoga, jamani, huyu ni mwanamke aliyeongoza genge la majambazi wenye bunduki. Lakini alijua kwamba aibu ya ubakaji humwangukia aliyebakwa, akaamua kujisitiri. Filamu ikamwondolea sitara hiyo, ikaurudia ubakaji onyesho baada ya onyesho, watu wakaita ukombozi. Tena vita vyake vya mwanzo vilikuwa vya shamba: binamu yake aliyeshikilia ardhi ya familia ndiye aliyemfikisha polisi. Mwanamke wa tabaka la chini anayedai ardhi ni hatari kubwa kwa wenye nguvu, ila uzito wa filamu umewekwa kwenye mwili wake.

Watanijibu kwamba Mahakama Kuu Kabisa ya India iliiruhusu mwaka 1996. Ndiyo, na hoja yake nzuri: uchi ule haukuwekwa kuamsha tamaa, unamfanya mtazamaji amhurumie mwanamke na awachukie waliomtenda. Kama mhariri naafiki. Lakini someni kesi yenyewe. Mlalamikaji alikuwa mwanamume aliyedai filamu imeichafua jamii yake ya Wagujjar. Phoolan alikuwa ameshamalizana na watengenezaji kwa malipo. Kwa hiyo yaliyopimwa ni hisia za mtazamaji na heshima ya jamii ya mlalamikaji. Ridhaa ya mwenye maisha haikuwa mezani.

Gangubai Kathiawadi, 2022, filamu ya mwanamke aliyeendesha danguro Mumbai, ni hivyo hivyo: mhusika alishafariki, na mwanawe wa kulea akaenda mahakamani akilalamikia jinsi mama yake alivyoonyeshwa. Akashindwa. Dangal, ile ya mabinti wanamieleka, siigusi leo, maana steringi pale ni baba.

Chhapaak ya Meghna Gulzar, 2020, naiheshimu zaidi. Laxmi Agarwal, aliyemwagiwa tindikali mwaka 2005, aliridhia, na filamu inakaa muda mrefu kwenye mapambano ya kisheria ya kudhibiti uuzaji wa tindikali, mpaka amri ya mahakama ya 2013. Hata hivyo wakili aliyempigania ilibidi aende mahakamani ndipo jina lake liwekwe kwenye filamu.

Sasa shaka yangu, ambayo vitabu vya kufundishia filamu huipitia mbali. Ridhaa nayo ina gharama. Mary Kom ya 2014 ilitengenezwa kwa baraka za bondia mwenyewe, na naiona imelainishwa mno. Kila anayempenda hana dosari. Tukisema pasipo ruhusa hapana filamu, wenye nguvu watasifiwa tu milele. Na Phoolan alichaguliwa kuwa mbunge wa Mirzapur mwaka huo huo wa 1996. Siwezi kuapa kwamba filamu aliyoikataa haikumwongezea kura.

Ila hilo halifuti swali. Alikuwa hai, anapatikana, ana mdomo wake. Angeweza kuketishwa chumba cha uhariri akaonyeshwa maonyesho yale moja moja, na akisema hili liondoke, liondoke. Kuondoa shoti ni kazi ya dakika.