Kuachiliwa kwa muda si kununua kesi

Lubumbashi, huku Kongo (DRC), kuanzia mtaa wa Kenya hadi ule wa Katuba, ikisikika tu kwamba fulani katoka gereza la Kasapa kabla ya hukumu, watu wanafunga mjadala palepale: "Amenunua jaji." Imani hiyo ni ya zamani, nayo inachanganya mambo mawili: kuachiliwa kwa muda na kununua kesi.

Katiba ya 2006, kifungu cha 17, inasema uhuru wa mtu ndio kanuni na kumzuia ni jambo la kipekee. Mshtakiwa anahesabiwa hana hatia mpaka hukumu ya mwisho. Kutoka kwa muda hakufuti kesi: anaweza kuitwa tena, ahukumiwe, arudi gerezani.

Sasa zile pesa. Utata unazaliwa hapo, maana pesa kweli hutolewa. Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai ya 1959 inataka dhamana iwekwe mikononi mwa grefie (karani wa mahakama), si mwa jaji, ili mtu ajitokeze kila anapoitwa. Akitimiza masharti, anarudishiwa. Akikimbia, anaweza kuzipoteza. Familia idai risiti yenye jina la mshtakiwa na kiasi kilicholipwa, iitunze vizuri. Anayetaka apewe kando ya ukuta bila karatasi yoyote, huyo anaomba rushwa (na wapo, tusidanganyane).

Jirani aliyemwona mtu karudi nyumbani hajui lipi limetokea. Ila kesi husikilizwa hadharani, isipokuwa mahakama iamue vinginevyo kwa ajili ya usalama au maadili, kwa hiyo naye anaweza kwenda kuketi nyuma asikilize.