Kumfuta Naibu Chansela Hakulipi Deni

Juzi kwenye foleni ya matatu pale Odeon, Nairobi, abiria mwenzangu alipojua nafanya ukaguzi wa ndani katika chuo kikuu cha umma, alinipa dawa ileile ya madeni ya vyuo: "Mfuteni naibu chansela, pesa zitaonekana." Naibu chansela ndiye mkuu wa chuo kiutendaji. Nimechoka kuisikia dawa hiyo, hasa kutoka kwa wasomi.

Bajeti hupitishwa na baraza la chuo. Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 inataja watu tisa: mwenyekiti na wanachama watano wanaoteuliwa na Waziri, makatibu wa wizara za elimu ya juu na fedha, na naibu chansela mwenyewe. Kitazameni kiti cha Hazina, yaani wizara ya fedha. Mwakilishi wake anaidhinisha bajeti inayotegemea mgao wa serikali, anarudi ofisini, kisha mgao unakuja pungufu. Mfumo wa ufadhili wa vyuo wa 2016 uliahidi hadi asilimia 80 ya gharama ya kila kozi. Kilichofika kilikuwa chini sana. Wafanyakazi lazima wale, kwa hiyo chuo hulipa mshahara wa mkononi tu. Makato ya kodi, pensheni na sacco hubaki maandishi. Mhadhiri mmoja aliyestaafu aliniwekea mezani hati zake za mshahara, kila mwezi pensheni imekatwa, na mfuko wa pensheni haukuwa umeipokea. Nilikosa la kumwambia. Hoja hiyo nilikuwa nimeiandika kwenye ripoti ya ukaguzi, baraza likaipokea, na mwaka uliofuata nikaiandika tena neno kwa neno.

Bunge? Kifungu cha 229 cha Katiba kinampa Mkaguzi Mkuu miezi sita baada ya mwaka wa fedha kuisha kutoa ripoti ya hesabu, na Bunge miezi mitatu kuijadili. Mara nyingi kamati huzifikia hesabu zikiwa zimezeeka, na anayehojiwa anajibia madeni aliyoyakuta.

Ninapobabaika ni kwenye uteuzi wa naibu chansela. Januari 2020 George Magoha, Waziri wa Elimu wa wakati huo, alibatilisha uteuzi wa Profesa Stephen Kiama kuwa naibu chansela wa Chuo Kikuu cha Nairobi na kuvunja baraza. Mvutano ukaishia mahakamani. Nilitetea kazi ya kuteua ifanywe na Tume ya Utumishi wa Umma, ili habari za "mtu wetu" zikome. Sasa sina uhakika. Baraza lisilomwajiri mkuu wa chuo litamwajibisha kwa nguvu gani?

Ninachokidai bila kusita ni kidogo. Mwakilishi wa Hazina aseme kikaoni ni shilingi ngapi zitakuja na lini, iandikwe kwenye kumbukumbu kwa jina lake. Na orodha ya makato yaliyowasilishwa ibandikwe ubaoni kila mwezi, mahali mfagizi na profesa wote hupita.