Kushughulisha mwili: neno pana kuliko mazoezi

Jumapili moja jioni bintiye dada yangu, msichana wa kidato cha pili, alinijia na karatasi ya maswali waliyopewa shuleni. Swali lililomkwamisha lilikuwa fupi: katika siku 7 zilizopita, ni siku ngapi umeshughulisha mwili kwa jumla ya dakika 60 au zaidi?

"Mjomba, hapa naandika sufuri," akasema. "Mimi mazoezi sifanyi."

Jasho lilikuwa halijamkauka shingoni. Ndio kwanza ametua mtungi wa tano wa lita 20, kutoka uani hadi kwetu ghorofa ya tatu, maana mifereji ilikuwa mikavu tangu Ijumaa.

Sufuri ile haikuwa uongo. Tatizo ni neno. Zikitajwa habari za mwili na afya, Mswahili hukimbilia "mazoezi", na mazoezi hapa Mombasa yana sura yake: watu wenye raba wanaokimbia Mama Ngina alfajiri, wavulana wa timu uwanjani Tononoka, jimu yenye vioo ukutani. (Mwanafunzi ana mazoezi mengine pia, yale ya mwisho wa sura katika kitabu cha hesabu, ambayo jasho lake ni la woga.) Asili ya neno ni kuzoeza, yaani kumfanya mtu au mwili uzoee jambo. Ndani yake mna nia, na mna kurudiarudia.

Watafiti walilitenga jambo hili zamani. Mwaka 1985 Carl Caspersen na wenzake wawili wa Marekani waliandika maana ambazo hadi leo ndizo zinazotumika. Kushughulisha mwili, walisema, ni mwendo wowote wa mwili unaofanywa na misuli na unaotumia nguvu. Mazoezi ni fungu moja tu la hayo: yamepangwa, hurudiwa, na lengo lake ni kujenga siha au kuilinda. Kwa kipimo hicho mtungi wa maji si mazoezi. Hakuna apandaye ngazi na lita 20 ili awe mkakamavu. Anataka maji ya kuoga na kufulia sare. Moyo lakini hauulizi nia. Unadunda vile vile.

Ushahidi wa mambo haya ulianzia ndani ya basi. Daktari Jerry Morris wa Uingereza, pamoja na wenzake, waliwachunguza wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London, na mwaka 1953 wakachapisha waliyoyaona: makondakta, waliokuwa wakipanda na kushuka ngazi siku nzima kukata tiketi, walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva walioketi. Wote wawili ni watu wa basi moja. Nikiwa ndani ya matatu ya kwenda Bamburi humtazama makanga nikamfikiria Morris, ingawa wetu hana ngazi za kupanda, ana mlango wa kuning'inia.

Si kila mwendo, hata hivyo, unaoingia katika zile dakika 60. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wanahitaji wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli ya wastani au kali, na angalau siku 3 kwa wiki ziwe na kitu kikali, pamoja na kinachotia nguvu misuli na mifupa. Kipimo cha nyumbani ni pumzi. Ukiweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, hiyo ni ya wastani. Ukitoa maneno mawili matatu kisha ukahema, hiyo ni kali. Basi kuketi juu ya mbuzi kukuna nazi, hata kama mkono unauma, ni kazi nyepesi na haihesabiwi. Kutembea upesi kwenda kuwahi feri Likoni inahesabiwa. Mtungi ghorofa ya tatu, muulize yeyote aliyeubeba kama aliweza kuimba.

Kuna jambo la pili ambalo watu hulichanganya na hili, nalo ni kukaa. Kukaa hakumaanishi kukosa mazoezi. Ni hesabu ya peke yake. Kijana anaweza kucheza mpira saa nzima Makadara, kisha akabarizi na simu mkononi hadi usiku. Mtafiti humwandikia yote mawili: dakika 60 amezitimiza, na saa za kukaa ni nyingi. Sisi watu wa baraza hatuipendi sana safu hiyo ya pili.

Wanasayansi ya jamii wanaofanya tafiti hizi huziita tafiti za tabia, na neno hilo nalo huwatisha wazazi. Kwetu, kuuliza tabia ya mtoto ni kuuliza adabu zake. Wao hawana haja na adabu. Wanataka kujua anachofanya: anatembea au anapanda tuktuk, analala saa ngapi, anakula nini, anacheza na nani. Wengine huwafunga vijana kifaa kidogo kiunoni kinachorekodi mtikisiko wa mwili, kwa kuwa kumbukumbu ya mtu hudanganya. Lakini kifaa nacho kina upofu wake. Vingi vyao huvuliwa mtu akiingia majini, na kijana wa Mtongwe aliyeogelea tangu maji kujaa hadi maji kupwa ataonekana kama aliyelala.

Tarakimu inayonukuliwa sana duniani ilitoka kwenye majibu ya wanafunzi milioni 1.6 wa nchi 146, kwa hesabu za mwaka 2016: asilimia 81 ya wenye miaka 11 hadi 17 hawafikii kiwango. Wasichana ni asilimia 85, wavulana 78. Naiamini kwa jumla, ila naisoma nikikumbuka mambo mawili. Walioulizwa ni wanafunzi. Mvulana wa umri huo huo anayesukuma mkokoteni Kongowea hayumo. Na msichana anayejua maana moja tu ya swali huandika sufuri. Sisemi pengo la wasichana ni la maneno matupu. Uwanja wa mtaa saa kumi na moja jioni umejaa wavulana watupu, na dada zao saa hiyo wako jikoni. Pengo lipo.

Nikamweleza mpwa wangu haya, kwa ufupi kuliko hivi. Akashika kalamu, akahesabu kwa vidole: safari za mitungi, na ile siku aliyokosa nauli akatembea kutoka shule kwa mwendo wa haraka. Akaandika 4. Akafikiri kidogo, akafuta, akaandika 3.

"Alhamisi simo," akasema. "Alhamisi maji yalitoka mferejini."