Lebo ya kujibandika: uso, gundi na mgongo

Mama anayetengeneza achari anaingia duka la uchapaji na kusema, "Nataka stika mia tano, za rangi." Fundi anamtolea alichonacho, na mara nyingi ni karatasi. Wiki mbili baadaye mafuta yameshuka ubavuni mwa chupa, lebo imelowa, na jina la biashara limebaki nusu. Fundi hajamwibia mtu. Alipewa oda ya rangi, hakuulizwa kuhusu mafuta.

Lebo ya kujibandika ina tabaka tatu. Ya juu ni uso, ndiyo inayochapwa. Katikati kuna gundi. Chini kuna mgongo, ile karatasi laini tunayobandua na kuitupa. Imepakwa silikoni, ndiyo maana gundi haiing'ang'anii. Lebo za namna hii zilianza kuuzwa na R. Stanton Avery huko Los Angeles mwaka 1935. Kabla ya hapo ilibidi mtu apake gundi kwa brashi au alowanishe karatasi yenye gundi kavu.

Uso wa karatasi ni rahisi na unafaa vitu vikavu: unga, majani ya chai, viungo vya pilau. Penye maji au mafuta, agiza uso wa plastiki. Hapo utasikia majina mawili. Polipropilini ni ngumu kidogo, inang'aa, na inakaa vizuri kwenye chupa isiyobonyea. Polithini ni laini na inajikunja pamoja na chombo, kwa hiyo ndiyo ya chupa za losheni zinazobinywa. Ukiweka lebo ngumu kwenye chupa ya kubinya, itafanya mikunjo hata kama imebandikwa na mtu mwenye mkono mzuri.

Gundi ndiyo inayosahaulika, na ndiyo yenye visa vingi. Kuna ya kudumu na kuna ya kubanduka, ile inayowekwa kwenye sahani mpya ili mnunuzi aitoe bila kuacha uchafu. Lakini swali kubwa ni la joto, na hapa kuna vipimo viwili ambavyo watu huvichanganya. Kimoja ni joto la wakati wa kubandika. Kingine ni joto ambalo lebo itaishi nalo baadaye. Gundi inaweza kuvumilia friji miezi mingi lakini ikakataa kushika ukiibandika kwenye chupa ya juisi iliyokwisha kupoa na kutoa jasho. Basi bandika chupa ikiwa kavu na ya joto la kawaida, iache hata siku nzima gundi ishike, ndipo uiingize kwenye friji.

Ipo pia lebo ya joto, kama ile inayotoka kwenye mizani ya supamaketi. Haina wino. Karatasi yenyewe ina dawa inayogeuka nyeusi ikiguswa na kichwa cha moto cha mashine. Ni nzuri kwa nyama itakayopikwa leo jioni. Kwa asali itakayokaa dirishani juani, hapana, maandishi yatafifia. Hapo tumia mashine yenye riboni, yaani utepe wa wino, inayohamishia wino kwenye uso wa lebo.

Sasa kuna maneno yasiyoweza kuchapwa pamoja na mengine: tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya mwisho wa matumizi, na namba ya bechi, yaani alama ya mzigo uliotengenezwa kwa mkupuo mmoja. Sufuria moja ikiharibika, namba hiyo ndiyo itakayokuwezesha kurudisha chupa za sufuria ile tu. Hubadilika kila unapopika, kwa hiyo hugongwa muhuri baadaye. Shida ni kwamba lebo yako ya kupendeza ina laminesheni ya kung'aa, yaani utando wa plastiki unaofunika uso, na wino wa muhuri haukauki juu yake. Kidole kimoja tu, tarehe imefutika. Mwambie fundi mapema akuachie kidirisha kisichofunikwa, upana wa vidole viwili hivi.