Tenki tupu ndilo linalolipuka: kwa wenye magari ya zamani na mafundi wao hapa Mwanza

Sisi wa zimamoto tukipita gereji za Nyakato, Igoma na Mabatini kutoa elimu, lawama tunazokutana nazo ni zile zile, kwamba zimamoto wanasumbua mafundi, wanakataza watu kuchomelea matenki ya mafuta wakati kazi hiyo inafanyika miaka yote. Naandika hapa ili na wenye magari wasome, maana fundi anafanya kile mteja anachomlipia, na mteja mwenye Land Rover ya zamani au Peugeot 504 au Datsun pikapu aliyoachiwa na mzee wake anataka gari itoke leo jioni na hataki kusikia habari ya tenki jipya.

Jamani, petroli yenyewe ile ya majimaji haiungui, kinachoungua ni mvuke wake ukishachanganyika na hewa, na mvuke huo unatoka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sasa fikiria hapa kwetu saa nane mchana. Unaanza kuwaka ukifika kama asilimia 1.4 ya hewa na unaishia kwenye asilimia 7 na kidogo, ukizidi hapo hewa haitoshi. Tenki lenye mafuta mengi mara nyingi mvuke wake umezidi kiwango, ila lile lililomwagwa likabaki na unyevunyevu ndo linaangukia hapo katikati. Kwa tenki la lita 50, petroli isiyojaa hata kijiko cha chai ikigeuka mvuke inatosha kulipasua. Kwa hiyo mtu akiniambia "afande mbona tenki halina kitu", huyo ndo ananitisha kuliko mwenye tenki lililojaa.

Kuna wanaosema nimeliosha na sabuni ya unga nikalianika juani siku mbili. Haitoshi, na hili tumelisema sana. Tenki la miaka 50 lina kutu ndani, lina mishono na vibati vya kuzuia mafuta yasiyumbe, petroli inajificha humo, ukiweka moto wa kuchomelea lile joto linaitoa upya. Halafu mvuke wake ni mzito kuliko hewa mara tatu mpaka nne, haupandi juu ukapotea, unatambaa chini unaingia kwenye shimo la gereji, unafika kwa jirani anayekata chuma na grenda, unawaka kule unarudi kwako. Tenki linatakiwa litolewe kwenye gari, limwagwe nje mbali na moto, lipigwe mvuke wa maji moto, kisha lijazwe maji ibaki nafasi ndogo tu pale panapochomelewa, na kabla ya yote hayo na baada yake lipimwe kwa kipima gesi. Gereji isiyo na kipima gesi isichomelee tenki. Hapo hatuna mjadala kabisa.

Na kwa nini uchomelee? Tenki la zamani likishaanza kutoboka sehemu moja ujue bati lote limechoka, na unyevu wa ziwa hauwasaidii wa huku. Mafundi bati wanatengeneza jipya, ni kazi ya kawaida. Sabuni ya mche unayopaka kuziba tundu ni ya kukufikisha gereji tu, mvua ikinyesha inayeyuka na petroli inadondoka jirani na eksozi.

Ujue pia tenki lako liko wapi, maana magari haya yalitengenezwa kwa mawazo ya zamani. Land Rover zile fupi za Series tenki liko chini ya siti ya mbele, unalikalia. Volkswagen Beetle liko mbele juu ya miguu yako wakati injini iko nyuma, kwa hiyo mpira wa mafuta unasafiri gari nzima, na kile kipande cha mwisho karibu na injini kikipasuka petroli inamwagikia vitu vya moto. Ford Mustang za miaka ya 60 juu ya tenki lenyewe ndo sakafu ya buti. Kwa gari kama hizo weka bati la kutenganisha buti na abiria, ziba kila tundu la waya, na kagua mfuniko na ule mpira mnene wa kujazia mafuta, ukinusa petroli ndani ya gari usifungue dirisha ukaendelea na safari, simama utafute inakotoka.

Mipira ndo tatizo tunalolikuta zaidi tukikagua. Unakuta mtu amefunga mpira ule mwangavu wa fundi ujenzi wa kupimia maji, anasema anapenda kuona mafuta yakipita. Ule ukipata joto la injini unakakamaa na kupasuka. Nunua mpira wa mafuta wenye maandishi SAE J30 R6 kwa gari ya kabureta, au R9 kwa injini ya kupuliza mafuta kwa presha, funga na kilipu ya skrubu na sio waya wa kufungia nondo. Aliyebadilisha akaweka pampu ya umeme aweke pia swichi ya kuikata, kwa sababu ajali ikitokea injini inazima lakini pampu inaendelea kusukuma petroli kwenye paipu iliyokatika. Swichi ya kukata betri nayo haina bei ya kutisha.

Wenye pikapu mnaobeba madumu ya petroli kwenda mialoni Igombe na Kayenze kwa ajili ya injini za mitumbwi, mnaumiza roho zetu. Morogoro Agosti 2019 zaidi ya watu 100 walikufa kwa petroli iliyomwagika.

Mtungi wa unga mkavu, kilo 2 kwenda juu, ukae pale mkono wa dereva unapofika. Moto ukianza zima swichi, wote watoke, boneti usiifungue yote, ipenyeze kidogo tu upulize unga. Maji hapana, yanasambaza petroli inayowaka. Kama imeshashika tenki, achana na gari. Piga 114, ni bure, taja mtaa na alama inayoonekana barabarani. Kupiga kwa utani ni kosa kisheria.

Gereji zinakaguliwa kwa Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji Na. 14 ya mwaka 2007. Askari anakagua, anakupa maelekezo kwa maandishi, unalipia kwa kontro namba na sio mkononi, kisha anarudi kuangalia kama umerekebisha. Na kwa mwenye gari, bima ndogo ya kawaida hailipi gari yako ikiungua.

Mnaotaka tuje kufundisha mafundi wenu andikeni barua kwa Kamanda wa Zimamoto wa Mkoa, mtaje idadi ya mafundi na kama mna eneo la wazi la kuwashia moto wa mazoezi.