DOT1L: kimeng'enya kizima ndani ya lukemia

Tunapotafuta mpasuko wa jeni ya KMT2A, iliyo kwenye kromosomu ya 11, tunatumia vipande viwili vya DNA vilivyotiwa rangi: chekundu hushika upande mmoja wa jeni, cha kijani upande wa pili. Jeni ikiwa nzima rangi hizo hukaa pamoja, na kwenye darubini huonekana nukta mbili za njano. Kwenye uboho wa mtoto mchanga mwenye lukemia (saratani ya damu), mara nyingi naona njano moja, nyekundu iliyojitenga na kijani iliyojitenga. Hapo jeni imekatika. Kwa wanaopata lukemia kali ya limfu kabla ya kutimiza mwaka mmoja, hali hii huwapata takribani 70 hadi 80 kati ya kila 100.

Ajabu ni kile kinachopotea. KMT2A ya kawaida ni kimeng'enya, yaani protini inayoendesha mabadiliko ya kikemia kwenye seli. DNA huzungushwa juu ya protini ziitwazo histoni, na KMT2A hubandika methili (kikundi kidogo cha atomu) kwenye lisini ya 4 ya histoni H3 (lisini ni moja ya asidi amino zinazojenga protini), alama inayosaidia jeni ibaki wazi na isomwe. Mpasuko ukitokea, kipande chenye kazi hiyo ndicho kinachotoka. Kinabaki kile kinachojua kushika DNA, nacho huungana na protini nyingine kabisa: AF4, AF9, ENL, AF10 (washirika wanaojulikana wamevuka 80). Sasa nani anabandika methili?

Ni DOT1L. Kilianza kutambuliwa kwenye hamira mwaka 1998, na 2002 ikajulikana kwamba hubandika methili kwenye lisini ya 79 ya H3. Wenzake wengi hufanya kazi kwenye mikia ya histoni inayoning'inia nje. Lisini ya 79 imo kwenye kiwiliwili chenyewe, na karibu kazi yote ya hapo ni ya DOT1L.

AF9, ENL na AF10 huambatana na DOT1L hata kwenye seli yenye afya. Zikishaunganishwa na mabaki ya KMT2A, hukivuta hadi kwenye HOXA9 na MEIS1, jeni ambazo huwa wazi kwenye seli changa za damu na zinapaswa kufungwa seli inapokomaa. Methili ikijaa hapo hazifungiki. Seli haikomai, inagawanyika tu. Mwaka 2005 maabara ya mtafiti Yi Zhang, North Carolina, Marekani, ilionyesha uhusiano wa DOT1L na lukemia kupitia AF10. Mtu akisema "kimeng'enya cha saratani" huwa nasita, kwa sababu ukiisoma jeni ya DOT1L ya mgonjwa herufi kwa herufi, kwa kawaida hukuti kosa. Kimepelekwa tu mahali pasipo pake.

Kukizuia kulionekana njia ya mkato. Dawa ya pinometostat ilijaribiwa kwa watu wazima 51, kwa dripu ya mfululizo usiku na mchana maana huondoka mwilini haraka. Wawili walipata nafuu kamili. Sishangai sana: alama ya lisini ya 79 haifutiki upesi, hupungua polepole kadiri seli zinavyogawanyika, na lukemia kali haimsubiri mtu.

Mafanikio yalikuja kwa kugusa upande wa pili, pale mabaki ya KMT2A yanaposhikana na protini iitwayo menini. Revumenib, dawa ya vidonge, huingia katikati yao. Muungano unaachia baadhi ya jeni, MEIS1 ikiwemo, na DOT1L kinaondoka nao. Marekani iliiidhinisha Novemba 2024 kwa wagonjwa ambao lukemia yao imerudi au imekataa tiba. Kwenye jaribio lililoipa kibali, takribani mmoja kati ya watano walipata nafuu kamili, au nafuu kamili ambayo chembe za damu zimerejea kwa sehemu tu. Kibali kinaanzia umri wa mwaka mmoja, kwa hiyo wachanga, ambao ndio mpasuko huu unawaandama zaidi, wameachwa nje. Baadhi ya wagonjwa pia hupata mabadiliko kwenye jeni ya menini yenyewe, dawa ikakosa pa kukaa.

Kwa hiyo DOT1L hakijasahaulika. Kwenye seli za maabara, kukizuia pamoja na menini kumefanya kazi vizuri kuliko kuzuia kimoja peke yake.