Kamba Iacheni Nyumbani: Maswali ya Ndugu Wanaomleta Mgonjwa wa Akili kwa Nguvu

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili hapa Dodoma. Maswali haya naulizwa na ndugu wanaomshusha mgonjwa kwenye bajaji, mikono imefungwa nyuma.

Ugonjwa wa akili ni nini?
Ni ugonjwa unaovuruga fikra, hisia au mwenendo hadi mtu ashindwe kuendesha maisha yake. Uraibu wa pombe au unga, yaani heroini, nao ni ugonjwa.

Nesi, alikuwa anapiga watu. Tusimfunge?
Msimfunge. Mleteni siku hiyohiyo. Niliwahi kumpokea kijana kutoka upande wa Kongwa, kakaa wiki tatu na kamba ya katani. Nilipoikata kwa mkasi wa bandeji, ilitoka na ngozi. Fujo zilitulia siku ya nne ya dawa. Vidole viwili havikunji hadi leo.

Akiwa mkali, ondoeni visu na shoka, watoto waende kwa jirani, aongee naye mtu mmoja anayemwamini. Ana silaha? Iteni polisi. Mkilazimika kumshika, ni kwa mikono na kwa dakika chache, bila kumkalia mgongoni wala kumkaba.

Lakini tunamfunga kwa usalama wake.
Hapana. Aliyefungwa hafikii maji, na nyumba ikishika moto hakimbii.

Hata siku mbili tu, tumalize kuvuna?
Hapana! Mtama utasubiri.

Tulianza kwa mganga. Kuna ubaya?
Ombeni, tambikeni, sigombani na mtu. Ila mtu aliyechanganyikiwa ghafla na mwili unachemka huenda malaria imempanda kichwani, au ni homa ya uti wa mgongo. Huyo hana wiki mbili za kukaa kwa mganga. Hospitali, leo.

Mlevi tumfungie chumbani hadi pombe imtoke?
Hapana, tena hapana. Aliyezoea gongo kila siku kwa miaka, akikatishwa ghafla, ndani ya siku mbili tatu anaweza kutetemeka, kuona visivyokuwepo, kupata degedege na kufa. Mnasikia kimya mle ndani, mnasema ametulia. Hospitalini kuna dawa za kumvusha.

Na wa unga? Tumetafuta vijana wamkamate usiku, wampeleke soba hausi, nyumba ya kuwaachisha waraibu.
Mnamteka mwanenu na mnalipia! Mwili wake ukikaa miezi bila unga unapoteza ustahimilivu. Akitoka akarudia dozi yake ya zamani, inaweza kumuua. Mwaka 2012 mashirika 12 ya Umoja wa Mataifa yalizitaka nchi zifunge vituo vya kuwazuilia waraibu kwa lazima. Arosto, yale mateso ya kukosa unga, ina tiba: methadoni, dawa inayochukua nafasi ya unga, iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, na hapa kwetu ipo Itega. Anakwenda kwa miguu yake.

Sheria si inaruhusu kumlaza bila ridhaa?
Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 ina utaratibu wake, na haumo wa baba mdogo na kamba. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia mkataba wa kimataifa wa haki za watu wenye ulemavu, unaosema ulemavu hauwezi kuwa sababu ya kumnyima mtu uhuru. Ndiyo maana wapo watetezi wa haki wanaotaka kulaza watu kwa nguvu kukome kabisa. Wabishane, mimi nauliza jambo dogo: mlimwomba? Wengi wakielezwa ukweli hukubali. Ninyi mnamwambia "twende mjini ukanunue simu", anajikuta wodini. Kesho mkimpa kidonge, atawaamini kwa lipi?

Basi tuje na nini?
Dawa zote anazotumia, hata za mitishamba na chupa yake. Kadi ya bima kama ipo. Na mtu aliyekuwepo siku ilipoanza, asiyeona aibu kusema yote.